Fisi Pengo na Ghala la Miiba

Zama zile wanyama walichomana ovyo, hata Simba akaamuru miiba yote iliyodondoshwa na Nungunungu ifungiwe ghalani. Mlinzi akawa Fisi Pengo, na kila mwiba alioupokea aliung'ata shinani kuutia alama.

Chui alipomletea paja la swala, Fisi alimtolea mzigo mzima wa miiba.

"Ghala lote hili, nani atajua?" alijiambia, mate yakimdondoka.

Hata mwezi haujaandama, Fisi akaja barazani akilia, mkononi ana mwiba wenye damu.

"Ewe Mfalme, wamemuua mama yangu! Mwenye mwiba huu asakwe!"

Simba akaugeuza mwiba. Shinani palikuwa na alama za meno mawili, katikati pengo.

"Ameshapatikana," akasema. "Hebu fungua kinywa."