Ukuta wa Pili

Filamu ya Sabiha ilibaki na picha moja tu, ya kupeleka kwenye maonyesho yake ya kwanza. Jua la adhuhuri lilipoingia ndani ya korongo, aliinua kamera.

“Bado,” alisema mama yake, aliyechunga mbuzi humo miaka arobaini. “Jua likiupiga ukuta huu, rangi hufa. Ngoja liupige ule wa pili.”

“Na likipotea, mama?”

“Kwani chuoni hawakukufundisha kungoja?”

Sabiha alicheka, akashusha kamera. Jua likahamia ng’ambo polepole, na ukuta wao, uliobaki kivulini, ukapokea mwanga uliorudishwa na ule wa pili, ukaanza kuwaka mwekundu kama kaa la moto. Akabonyeza.

“Nyuma ya picha uandike majina mawili,” alisema mama, akitengeneza mtandio wake, huku wekundu ule ukimpanda mikononi hadi usoni.