Jani la Isale

"Kisukari chake kimeletwa na soda za mama yake," mama mkwe wa Agnela aliwaambia wageni kutoka Njiro, kama kawaida yake.

Binti wa Agnela alichomoa sindano ya insulini tumboni. "Bibi, si soda. Mwilini kuna seli askari zinazoua vijidudu, na seli wasimamizi zinazowazuia askari wasitushambulie sisi wenyewe. Kwangu wasimamizi walilegea, askari wakaua seli zinazotengeneza insulini. Mama hana kosa."

"Makubwa! Nani kakufundisha?"

"Nimesoma mwenyewe, bibi."

Bibi alitoka hadi mpakani mwa shamba, akarudi na jani la isale, lile la kuombea radhi. Akampita mjukuu, akamnyooshea Agnela.

Agnela alimtazama bintiye kwanza, akasimama wima, ndipo akalipokea.