Udongo wa Mbonea

Mvua ilipokatika, Namkunda aliingia shambani kwake akamkuta jirani yake Mbonea katikati, anazoa udongo kwenye karai.

"Jirani, unafanya nini?"

"Nachukua udongo wangu, mwalimu. Umeshuka na mvua."

Ulikuwa wake kweli. Shamba la Mbonea lilikuwa juu, limebaki mawe matupu; udongo wote ulikuwa umenaswa na makingamaji ya Namkunda, mitaro iliyokingama mteremko. Miaka mitatu kijiji kizima kilikuja hapa, kwenye shamba darasa, kujifunza kuichimba. Mbonea hakukosa hata siku moja. Alichimba, akala makande, akasifu, kisha akarudi kwake kulima kufuata mteremko, kama baba yake.

"Ukiupandisha, si utashuka tena?"

"Basi nitaufuata tena."

Mbonea alijitwika karai akapanda, matope yakimchuruzika mgongoni. Namkunda akachukua jembe, akampita njiani, akafika juu na kuanza kuchimba mtaro bila hodi.

Mbonea alipofika alisimama, karai kichwani, asijue amwage wapi.