Bahari Imechacha

Haya alinisimulia mkwe wangu jana mchana, tukichambua maharage.

Kazini kwake wanalea chaza wachanga kwenye matangi. Asubuhi moja aliwakuta wamezagaa chini, magamba yamekuwa membamba kama ganda la kitunguu. Alipomgusa mmoja, gamba likabonyea.

Akampigia bosi. "Bosi, bahari imechacha!"

"Ngoja mawimbi yatulie, halafu uvute maji mapya."

"Mawimbi gani, bosi? Imechacha kama uji! Moshi wa magari na viwanda, bahari imeumeza mpaka imekuwa kali. Hayo maji mapya ndiyo yanayowala magamba."

Bosi akauliza, "Sasa tuwalee wapi, dada?"

Mkwe wangu akafunga bomba la baharini, akatia magadi tangini kupunguza ule ukali. Tangu hapo hatulii. Akikaa anainuka, akiinuka anakwenda kuwachungulia, hata usiku wa manane.

"Wameanza kupata nafuu, mama," aliniambia. "Lakini wale walioko baharini, nani atawatilia magadi?"

Nikainama kuokota maharage yaliyodondoka. Nilipoinua uso, alikuwa ameegemea ukuta, usingizi umeshamchukua.