Chini ya Sifuri

Kisima cha nane nacho kilisoma chini ya sifuri. Milembe akaacha kuandika.

Kwenye meza ya mama yake, hapo kijijini Lingeka, kilikaa kipande cha silikoni kidogo kama ukucha, alichokichora na kukitengeneza mwenyewe kwa miaka mitatu ng'ambo. Mwanga ulipita ndani yake kwenye njia nyembamba kuliko unywele. Maji yakiwa na dawa ya kuulia wadudu wa pamba, mwanga huchelewa na mstari kwenye kompyuta hupanda. Leo mstari ulishuka tu, kana kwamba visima vyote ni safi kuliko maji safi.

Kipande hakikuwa kibovu. Akakumbuka chupa ya maji safi ya maabara iliyopasuka njiani, na jinsi asubuhi alivyokipimia kipande sifuri yake kwa maji ya mvua kutoka pipa la mama.

"Mayu," akamwita mama yake, "lile pipa ulilipata wapi?"

"Mnadani, mwaka ule wafanyabiashara binafsi walipoingia na madawa yao ya pamba. Pipa zuri hilo, ndilo la maji yetu ya kunywa na ya chai. Mwaka wa sita sasa, sijaona kiluwiluwi hata kimoja."

Milembe akasogea dirishani. Pipa la bluu lilijaa hadi ukingoni, maji yametulia kimya. Chini yake palikuwa na dimbwi. Kuku walilipita, wakaenda kunywa kwenye nyayo za ng'ombe.

Nyuma yake birika lilinyanyuliwa.

"Lete kikombe nikuongeze chai, mwanangu."

Milembe akatazama mkononi. Kikombe kilikuwa kitupu.