Mama Anasimama Kwenye Rampu

Tangu ngazi za ndege ziondolewe, abiria wote tunapanda kwa rampu, njia nyororo inayoinuka taratibu hadi mlangoni. Rampu husoma miguu. Anayesimama huhesabiwa kuwa amebadili nia, na sakafu humrudisha chini polepole, kwa sababu sheria inasema asisafirishwe mtu asiyetaka.

Mama yangu, Paskazia, amerudishwa mara mbili wiki hii. Kila akifika katikati husimama na kufanya ishara ya msalaba. Mdogo wake, Anatolia, yuko hospitalini Bukoba, na daktari ametuambia tuwahi.

"Mama, si umeshaomba nyumbani?" nilimwambia leo kwenye foleni. Mimi mwenyewe ni mtu wa sala, lakini nilikuwa nimechoka.

"Nyumbani niliomba ya nyumbani," akajibu. "Kwa jirani tu huingii bila hodi, sembuse huko juu kwa Mungu?"

"Utapiga hodi ukiwa umekaa. Leo ukisimama tena, mama mdogo utamkuta kaburini."

Alishika mkoba wake kwa mikono miwili, akapanda bila kusimama hata mara moja. Nikamshukuru Mungu.

Tulipofunga mikanda nikamtolea rozari yake mkobani. "Haya, mama, sasa omba."

Aliitazama, kisha akanirudishia.

"Itunze tu, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Kumbe inawezekana kupita bila hodi."

Ndege ikaanza kutembea, rozari ikiwa mkononi mwangu.