Santuri ya Mzee Bomba

Nakala ya tano ya majaribio nayo ilirudi. Binti wa Mzee Bomba aliiweka juu ya meza ya karakana, akasema bila kumtazama fundi, "Upande wa pili una mkwaruzo."

"Mkwaruzo upi tena, dada yangu?"

Fundi alibandua gundi ya bahasha, akaitoa santuri, akaipiga palepale. Likasikika gitaa la umeme, kichuma cha mpigaji kikiteleza juu ya nyuzi mpaka zikaomboleza kama mtu aliyefiwa. Mkwaruzo hakuna, hata wa dawa.

"Mimi nausikia," alisema yule dada. "Rudia kazi." Akaondoka zake.

Muziki wenyewe ulikuwa bluzi, ule wa majonzi wa Wamarekani weusi, uliorekodiwa miaka arobaini nyuma, ukapotea, kanda yake ikaja kuokotwa stoo. Fundi ndiye aliyekuwa akiutoa upya. Mpigaji walimpachika jina la Bomba kwa sababu ya kile kichuma, kipande cha bomba alichokivaa kidole cha mwisho, na kwa sababu enzi zake alikuwa bomba kweli. Sasa yuko kitandani, hajiwezi, na kabla ya kufa anataka kitu kimoja tu: aisikie santuri yake. Na bila sahihi ya binti yake, anayesimamia mambo yake yote, santuri haitoki.

Fundi alikuwa anairudisha bahasha kabatini alipogutuka. Ile gundi si ameibandua yeye mwenyewe sasa hivi? Kumbe dada hakuwahi hata kuifungua!

Loo! Watu walikuwa wakisema Mzee Bomba aliwahi kuitelekeza familia yake, akatokomea na gitaa miaka kumi na minane. Fundi akaona ndicho kisasi kinacholipwa sasa. Lakini unamkomoaje mtu anayekata roho? Alilia, mtu mzima na ndevu zake, maana nyimbo zile ndizo zilizomlea.

Kesho yake mchana, dada akiwa kazini, fundi alibeba mashine yake ya santuri begani mpaka kwa mzee. Jirani akamfungulia mlango. Mzee alikuwa amebaki mifupa na macho.

"Imetoka?" aliuliza.

"Imetoka, mzee wangu. Nimekuletea mwenyewe."

"Binti yangu anajua?"

"Anajua," fundi alidanganya.

Mzee aliutoa mkono wake juu ya shuka. "Haya, weka. Nimesubiri mpaka nimechoka."

Fundi akashusha sindano. Upande wa kwanza wote, kidole cha mwisho cha mzee kilikuwa kikiteleza juu ya shuka, huku na huku. Upande wa pili machozi yakamtoka, na ya fundi yakafuata. Wimbo wa mwisho ulipokwisha, mzee alisema, "Ahsante, mwanangu. Mwambie binti yangu asininunie." Akafumba macho. Fundi akamfunika vizuri apumzike.

Alikuwa anafunga mashine yake binti alipoingia. Aliiona santuri, na mfuko wa dawa ukamponyoka mkononi. Fundi akajiandaa kwa matusi, naye alikuwa na yake ya kumrudishia. Lakini yule dada alimpita tu kama hamwoni, akakaa kitandani, akaushika mkono wa baba yake na kuuweka shavuni.

"Umempigia yote?"

"Yote, dada. Pande zote mbili," fundi alijibu kwa ukali. "Mwache na yeye afurahi."

Binti aliendelea kuupapasa ule mkono, kidole kimoja kimoja.

"Daktari alimpa wiki tatu," alisema. "Baba akaapa kwamba haendi popote kabla hajaisikia santuri yake. Huu ni mwezi wa kumi na moja tangu siku ile, fundi."